Korona Haiishii Kifuani



Mara ya mwisho tulipokutana hapa tulikuwa tunajifunza kusoma karatasi inayokaa ndani ya boksi la dawa. Mzee mmoja akanyosha mkono. Akasema: "Mwalimu, mke wangu aliugua korona mwaka 2021. Kifua kikapona. Lakini tangu hapo tumbo lake halijarudi kuwa kama zamani. Sasa, korona si ugonjwa wa kifua? Tumbo limeingiaje humo?"

Siku ile hatukumjibu vizuri. Tulibabaika kidogo, kisha tukasema tutakwenda kuuliza. Tumekwenda, tumeuliza waganga, na tumesoma. Leo tumekuja kulipa deni la mzee yule, na tunamwona amekaa pale mbele.

Virusi si bakteria

Kwanza tuelewane juu ya maneno mawili, maana watu wengi huyachanganya. Hata sisi tuliosoma chuoni huyachanganya tukiwa na haraka.

Bakteria ni kiumbe hai kidogo sana. Huwezi kumwona kwa macho mpaka utumie hadubini. Lakini ni kiumbe kamili. Anakula mwenyewe, anakua mwenyewe, anazaliana mwenyewe. Kirusi ni kidogo kuliko bakteria, tena hakiwezi kuzaliana peke yake. Lazima kiingie ndani ya seli ya mtu au ya mnyama, ndipo kizaliane humo. Seli ni vile vipande vidogo vidogo vinavyojenga mwili, kama matofali yanavyojenga nyumba.

Korona ni ugonjwa wa virusi. Dawa tunazoziita antibiotiki, kama amoksilini, au zile kapsuli ambazo watu huziita rangi mbili, ni za kupambana na bakteria. Haziui virusi vya korona. Neno hili tafadhali liandikeni kwenye madaftari yenu, kwa sababu tutalirudia.

Walioko tumboni

Sisi walimu wa watu wazima tumewafundisha miaka mingi kwamba kijidudu ni adui. Tuliwaambia mchemshe maji, mnawe mikono, mchimbe vyoo. Hayo yote ni kweli hata leo, msiyaache. Lakini tuliwaeleza nusu ya habari. Nusu ya pili ni kwamba wapo bakteria ambao ni watu wa nyumbani. Wanakaa ndani yetu tangu utoto, na bila wao hatukai vizuri.

Wataalamu wamekadiria kwamba mtu mzima wa kilo 70 ana bakteria wapatao trilioni 38 mwilini mwake. Trilioni moja ni milioni moja ya milioni. Karibu wote wanakaa katika utumbo mpana. Ukiwakusanya wote ukawaweka kwenye mizani, uzito wao ni gramu 200 hivi, yaani hawafiki robo kilo ya sukari.

Je, wanafanya kazi gani? Kwanza, wanakula kile ambacho sisi hatuwezi kukimeng'enya. Mnapokula dona, maharage, kunde, mchicha au viazi vitamu, kuna nyuzinyuzi ambazo mwili wetu hauna namna ya kuzivunja. Zinateremka mpaka utumbo mpana, na bakteria wema wanazila. Baada ya kuzila wanatoa kitu kiitwacho butireti. Butireti hiyo ndiyo chakula kikubwa cha seli za ukuta wa utumbo mpana. Kwa hiyo unapokula maharage unawalisha bakteria, na bakteria wanaulisha ukuta wa utumbo wako.

Mmoja wa watengenezaji wakubwa wa butireti anaitwa Faecalibacterium prausnitzii. Jina hilo hatuwaombi mlikariri. Sisi wenyewe tulilisoma mara tatu ulimi ukakataa. Leo tutamwita bakteria mwenye jina refu.

Pili, bakteria wema wanashika nafasi. Hapa hatuhitaji kuwafundisha sana, ninyi ni wakulima. Shamba lililojaa mahindi, maharage na maboga kwa pamoja, ardhi yake imefunikwa. Gugu likiota halipati mwanga wala nafasi. Sasa choma shamba hilo moto. Mvua ya kwanza ikinyesha, kitakachoota mbele ni nini? Ni magugu. Na tumboni ni hivyo hivyo. Bakteria wabaya wachache huwa wamo siku zote, ila wamebanwa na wema walio wengi.

Sasa tazameni ukuta wenyewe. Ukuta wa ndani wa utumbo ni mstari mmoja tu wa seli, na juu yake umepakwa ute. Upande mmoja wa ukuta kuna uchafu na bakteria. Upande wa pili kuna mishipa ya damu. Ukuta ukiwa mzima, kila kitu kinakaa mahali pake. Ukilegea, bakteria wanaweza kupenya wakaingia katika damu. Bakteria ambaye tumboni hana madhara, akiingia katika damu anaweza kuua.

Korona inafikaje huko?

Kirusi cha korona kinaingia katika seli kwa kushika kitu fulani kilicho juu ya seli hiyo, kama ufunguo unavyoshika kitasa. Vitasa hivyo viko katika pua na mapafu. Lakini viko pia, tena kwa wingi, katika seli za utumbo mwembamba. Ndiyo sababu baadhi ya wagonjwa wa korona waliharisha na kutapika, na wengine tumbo lilitangulia kabla ya kikohozi. Mabaki ya virusi hivyo yalionekana katika choo cha wagonjwa wengi. Miji mingi duniani ilipima maji machafu ya mitaro ya vyoo ili kujua kama korona inapanda au inashuka.

Basi mzee, sehemu ya kwanza ya jibu lako ni hiyo. Korona ina mlango wa kuingilia tumboni.

Tuje kwa bakteria. Mwanzoni mwa mwaka 2020, Hong Kong, ambayo ni sehemu ya China, ilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza kupata ugonjwa huu. Madaktari wa huko waliwachukua wagonjwa 15 waliolazwa. Wakapima choo chao mara mbili au tatu kila wiki mpaka walipotoka hospitali, wakalinganisha na choo cha watu wazima wa afya. Waliona kwamba bakteria wema wamepungua, na wale wanaongoja nafasi ya kudhuru wameongezeka. Hata wagonjwa ambao hawakupewa antibiotiki yoyote walikuwa na upungufu huo. Waliopewa antibiotiki, upungufu wao ulizidi. Tena virusi vilipokwisha kutoka, bakteria wema hawakurudi mara moja.

Baadaye walipima wagonjwa 100, na habari ikatolewa mwaka 2021. Bakteria mwenye jina refu alikuwa mmoja wa waliopungua, pamoja na jamaa wa bifidobakteria ambao ni wengi sana kwa watoto wanaonyonya. Wale ambao ugonjwa wao ulikuwa mzito ndio waliokuwa na mvurugiko mkubwa zaidi. Na wengine walipimwa tena siku 30 baada ya kupona, tumbo bado halijatengemaa.

Mtu anaweza kuuliza hapa: Je, ni korona iliyowafukuza bakteria, au ni kwamba mgonjwa hali chakula, amelala, amechoka? Swali hilo ni la haki. Watafiti wa New York, Marekani, walilishughulikia wakatoa habari mwaka 2022. Walichukua panya wa maabara ambao wamefanywa waweze kupata korona ya binadamu. Panya hao hawakupewa antibiotiki. Walipoambukizwa, bakteria wa tumboni mwao walivurugika. Zile seli zinazotoa ute zilibadilika, na seli zinazotoa vitu vya kuulinda ukuta zilibadilika pia. Kukawa na dalili kwamba ukuta unavuja.

Kisha wakapima wagonjwa 96 waliolazwa mwaka 2020 katika New York na katika mji wa New Haven. Kwa robo ya wagonjwa hao, aina moja tu ya bakteria ilikuwa imetawala karibu utumbo wote. Fikirini shamba ambalo mlipanda mazao ya kila namna, mkarudi mkakuta gugu la aina moja toka mpaka hadi mpaka. Miongoni mwa waliotawala walikuwamo jamii za bakteria ambao dawa nyingi haziwawezi. Na kwa baadhi ya wagonjwa, bakteria walionekana katika damu, na walifanana na wale waliokuwa wameongezeka tumboni. Waliopata tatizo hilo la damu walikuwa na upungufu wa yule mwenye jina refu. Watafiti wale walitumia neno "huenda". Walisema huenda bakteria walitoka tumboni wakapenya. Na sisi tunalitumia neno hilo hilo, hatuongezi.

Nani yuko katika hatari?

Kijana mwenye nguvu akipata korona nyepesi, tumbo lake likivurugika, kwa kawaida hujirudi. Shamba lake lina mbegu nyingi. Hofu yetu ni juu ya mgonjwa mnyonge. Mzee wa miaka 70, ambaye mara nyingi bakteria wake wema wameshapungua aina, na anakula kidogo, na anameza dawa nyingi. Mwenye kisukari. Mwenye ugonjwa wa figo. Anayetibiwa saratani. Anayeishi na virusi vya UKIMWI na hajaanza dawa au ameziacha. Mtu aliyelazwa chumba cha wagonjwa mahututi, amewekewa mipira na mashine. Kwa watu hao shamba lilikuwa limeshapungua mimea kabla moto haujafika.

Na hapo ndipo sisi jamaa wa mgonjwa tunapoingia na kibiriti mkononi.

Mwezi wa Aprili mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa hesabu zake. Lilitazama wagonjwa wa korona waliolazwa katika nchi mbalimbali kati ya mwaka 2020 na 2023. Katika kila wagonjwa 100, ni 8 tu waliokuwa na ugonjwa wa bakteria pamoja na korona. Lakini waliopewa antibiotiki walikuwa 75 katika kila 100. Toeni 8 katika 75 mpate jibu wenyewe. Katika kanda ya Afrika, na katika ile inayoitwa Mashariki ya Mediterania, ilifika 83 katika kila 100, juu kuliko kanda nyingine zote. Shirika lilisema pia kwamba kwa jumla dawa hizo hazikuboresha hali ya wagonjwa wa korona, na zinaweza kumdhuru asiye na ugonjwa wa bakteria.

Hesabu hiyo ni ya hospitali tu. Dawa zilizonunuliwa dukani zikamezwa nyumbani hazimo.

Tungependa kuwasema wengine, lakini haki inatutaka tujiseme na sisi. Mwezi wa Agosti mwaka 2021 mama yetu mzazi, mwenye miaka 72 na kisukari, alipata homa na kikohozi. Tuliogopa kumpeleka hospitali, maana siku zile watu walisema ukiingia hutoki. Tukaenda duka la dawa. Tukanunua azithromaisini. Siku ya tatu homa haijashuka, jirani akasema hiyo ni dhaifu, tukanunua amoksilini, tukampa juu ya ile ya kwanza. Siku ya sita alianza kuharisha. Akaharisha hata akashindwa kukaa. Ndipo tukampeleka.

Daktari alituuliza swali moja: "Amemeza dawa gani, na kwa siku ngapi?" Tukatazamana. Maboksi tulikuwa tumeyatupa. Tulikumbuka rangi ya vidonge, majina hatukuyakumbuka. Sisi, ambao kazi yetu ni kuwafundisha watu kusoma maandishi ya kwenye boksi! Daktari hakutukaripia. Alisema tu kwamba bila majina itabidi abahatishe, na kwa mgonjwa wa namna ile kubahatisha ni jambo baya. Mama alipona, kwa neema ya Mungu na kazi ya wauguzi. Lakini alirudi nyumbani mwepesi, na kuharisha kule kulimwandama karibu miezi miwili. Hatuwezi kusema kwa hakika ni korona iliyomharibu tumbo au ni dawa zetu. Tunachojua ni kwamba dawa zile hazikuwa na virusi vya kuua, na bakteria wa kuwaua walikuwapo wengi.

Msitusikie vibaya

Hapa tusikilizeni kwa makini, asije mtu akaondoka na habari iliyopinda. Hatusemi antibiotiki ni mbaya. Mtoto mwenye nimonia ya bakteria bila antibiotiki anaweza kufa. Mgonjwa wa korona naye akipimwa akaonekana ana ugonjwa wa bakteria, daktari atampa, naye azimeze zote kama alivyoagizwa. Mwenye kifua kikuu asiache dawa hata siku moja. Anayepewa Septrin na kliniki kwa kujikinga aendelee nayo. Tunachokataa ni ile ya kusema "tumpe tu, haitamdhuru." Kwa mgonjwa mnyonge, inaweza kumdhuru.

Mzee au mwenye kisukari akipata homa na kikohozi, mpelekeni zahanati mapema apimwe. Akihema kwa shida, au midomo ikawa ya bluu, au akachanganyikiwa, msingoje asubuhi. Akiharisha, mpeni maji ya chumvichumvi ya pakiti, pakiti ya lita moja katika lita moja ya maji safi, huku mnafanya mpango wa kumpeleka. Chanjo nazo zipo kwa ajili hiyo, na hapa kwetu Tanzania zilianza kutolewa Julai 2021. Hali ya dharura ya dunia ilitangazwa kwisha tarehe 5 Mei 2023, lakini kirusi chenyewe hakijaondoka.

Mama mmoja ametuletea swali la maandishi, na tumefurahi kwa kuwa mwaka juzi alikuwa hajui kuandika jina lake. Anauliza: "Je, maziwa ya mgando yanarudisha bakteria?" Mama, maziwa ya mgando ni chakula kizuri, na ndani yake kuna bakteria wema. Yachemsheni maziwa kwanza kabla ya kuyagandisha, maana maziwa mabichi yana magonjwa yake. Lakini si dawa ya korona, na mgonjwa mahututi asipewe kitu cha namna hiyo bila daktari kujua. Huko Hong Kong walijaribu. Waliwachukua watu 463 waliopona korona lakini wakabaki na uchovu, kusahausahau na mengineyo. Nusu wakapewa unga wenye aina tatu za bifidobakteria pamoja na chakula cha bakteria hao, kwa miezi sita. Nusu wakapewa vitamini C kidogo tu. Matokeo yalitolewa mwishoni mwa mwaka 2023. Waliopewa bakteria walipata nafuu zaidi ya uchovu, ya kusahau, na ya tumbo kuvurugika. Si wote waliopona. Tena unga ule ulikuwa na aina maalumu zilizopimwa, si mgando wa kibuyu. Nyuzinyuzi za maharage na dona, hizo ziko jikoni kwako, na mgonjwa aliyekwisha rudiwa na hamu ya kula apewe kidogo kidogo.

Na sasa mzee wetu. Hao hao wa Hong Kong waliwafuatilia wagonjwa 106 kwa miezi sita. Waliopona kabisa, bakteria wao walikuwa wamerudi kufanana na wa watu ambao hawakuugua. Waliobaki na maumivu na uchovu, bakteria wao walikuwa bado hawajarudi sawasawa. Kwa hiyo aliyoyasema mkeo si mawazo tu. Lakini miaka imepita, mzee. Tumbo linaweza kusumbuliwa na minyoo, na amiba, na vidonda, na hata dawa fulani za kisukari. Tusimsingizie korona kila kitu. Mpeleke akapimwe choo na damu, na mwambie mganga tangu lini, na alimeza nini.

Hilo la mwisho ndilo tutakaloanza nalo somo la leo. Fungueni madaftari ukurasa wa nyuma. Chukueni rula, mchore mistari ya kugawa ukurasa sehemu nne. Sehemu ya kwanza andikeni: Tarehe. Ya pili: Jina la dawa, kama lilivyo kwenye boksi, herufi kwa herufi. Ya tatu: Nani ameagiza. Ya nne: Siku ngapi. Mwenye mgonjwa nyumbani aandike zile anazozimeza sasa hivi. Asiyekumbuka majina aende akalete maboksi, sisi tutangoja.